Mstari Mmoja na Simu za Android 7

Tangu toleo la 7.2 la Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti, lilipotolewa mwezi Agosti 2024, programu mpya ya wavuti inayoanzishwa kwa mfumo huo huzaliwa na mstari huu ndani ya ApplicationController, kontrola mama ambayo kontrola nyingine zote (sehemu zinazopokea maombi ya kurasa) huirithi: allow_browser versions: :modern. Kwa mstari huo, unaoruhusu vivinjari vya kisasa tu, Chrome iliyo chini ya toleo la 120, Safari chini ya 17.2, Firefox chini ya 121 na Opera chini ya 106 hujibiwa kwa namba 406, yaani ombi halikubaliki, badala ya kupewa ukurasa ulioombwa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Msanidi anayejua kivinjari cha chini kabisa atakachokihudumia huandika CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) na JavaScript (lugha ya utendaji wake) mara moja, bila kurundika viraka vya kuziba mapengo ya matoleo ya zamani. Aidha, kivinjari kisichopokea tena marekebisho ya usalama kinamhatarisha anayekitumia.

Hata hivyo, hiyo 120 si namba ya kupita juu juu, kwa sababu Chrome 119 ndiyo ya mwisho kufanya kazi kwenye Android 7. Mtu aliyerithi simu ya aina hiyo kutoka kwa dada yake ataambiwa asasishe kivinjari, ataingia Play Store, na hatakuta cha kusasisha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Chrome yake inasoma picha za WebP, inaielewa :has (kiteuzi cha CSS kinachochagua kitu kwa kilichomo ndani yake) tangu toleo la 105, na inakubali kanuni za CSS zilizopachikwa ndani ya nyingine tangu toleo la 112, ingawa masharti ya kuziandika yalilegezwa katika 120. Amekosa toleo moja tu, akafungiwa nje ya ukurasa ambao pengine hautumii hata chembe ya ulegezaji huo. Mwenye iPhone 8, iliyoishia iOS 16, naye yumo katika mkumbo huohuo.

Ukaguzi wenyewe husoma jina na toleo ambavyo kivinjari kimejitajia. Hauulizi kinaweza kufanya nini, tofauti na @supports ya CSS, inayouliza swali hilo hasa. Msanidi mwenye simu mpya hataliona tatizo, kwa kuwa aliyezuiwa haonekani popote isipokuwa katika kumbukumbu za seva.

Rails yenyewe inaruhusu matoleo yatajwe moja moja. Kwa CSS iliyopachikwa, chrome: 112, safari: 16.5 na firefox: 117 zingetosha. Na pale ambapo ukurasa ni fomu ya kawaida ya kulipia ada, mstari huo uondolewe ApplicationController, ubaki kwenye kontrola zinazouhitaji kweli.