Upanga Chini ya Mwezi: Washairi wa Kale wa Vietnam Walimpenda Mfalme au Nchi?

Mwaka 1409, mfalme Giản Định wa ukoo wa Trần alimuua jemadari wake mwenyewe, Đặng Tất. Muda mfupi kabla ya hapo jemadari huyo alikuwa ameyapiga vibaya majeshi ya Ming kutoka China, yaliyoikalia nchi tangu 1407. Fitina za watu wa karibu na kiti cha enzi zilimfikia mfalme, naye akazisadiki. Mtoto wa marehemu, Đặng Dung, alikuwa na kila sababu ya kususa. Badala yake alijitenga na mfalme yule, akawachukua askari wa baba yake, akamtawaza mwanamfalme mwingine wa ukoo uleule, na akaendelea kupigana na Ming miaka minne mingine hadi alipokamatwa. Hakurudi tena.

Shairi lake, "Cảm hoài", lina mishororo minane. Katikati anasema bahati ikija, hata mchinja nyama na mvuvi hufanikiwa kwa wepesi, na ikiondoka, mashujaa humeza uchungu mwingi. Kisha anamaliza hivi:

Kisasi cha nchi sijalipa, nywele zimetangulia kuwa nyeupe;
mara ngapi nimeunoa upanga, mwezi ukiwa juu yangu.

Mtu huyu hapigani. Ananoa tu, usiku, na upanga unalika kwenye jiwe badala ya vitani. Nimelisoma shairi hili mara nyingi na kila mara linanibana koo. Lakini je, tuna haki ya kuliita shairi la kizalendo?

Wapo wanaokataa, na hoja zao zina uzito. Wanasema tunawavika watu wa kale nguo zetu. Mtu wa karne ya 11 au ya 15 hakuwa na taifa kama tunavyolijua leo. Alikuwa na bwana na ukoo wa bwana, na utii kwa bwana ulikuwa ndio heshima yake. Kwa ushahidi wanaelekeza kwenye shairi maarufu kuliko yote, "Nam quốc sơn hà", mishororo minne yenye mizani saba kila mmoja, linalohusishwa na vita vya mwaka 1077 dhidi ya Song, ukoo uliotawala China wakati huo, kwenye mto Như Nguyệt. Mshororo wa kwanza unasema milima na mito ya nchi ya kusini ni makao ya mfalme mkuu wa kusini. Haukusema ni makao ya watu wa kusini. Mipaka yake imeandikwa katika kitabu cha mbinguni, na anayeivamia atashindwa.

Watu wengi hufundishwa kwamba jemadari Lý Thường Kiệt ndiye aliyelitunga, na kwamba hilo ndilo tangazo la kwanza la uhuru wa Vietnam. Historia ya Ngô Sĩ Liên, iliyokamilika 1479, haisemi hivyo. Inasimulia kuwa usiku mmoja askari walisikia sauti kutoka hekaluni ikiyasoma maneno hayo. Yapo pia masimulizi ya zamani yanayolipeleka shairi hilo nyuma zaidi, kwenye vita vya mwaka 981. Kwa hiyo jina la mtunzi lilibandikwa baadaye, na watu waliohitaji shujaa wa kushika kalamu kwa mkono mmoja na upanga kwa mwingine.

Hoja hiyo naikubali kuhusu jina la mtunzi, lakini haimalizi neno lenyewe. Neno alilopewa mfalme wa kusini hapo ni "đế", cheo kilekile cha mfalme mkuu wa China. Kwa Wachina, mtawala wa kusini alikuwa mfalme mdogo chini ya himaya yao. Kumwita "đế" mbele ya jeshi lao ni kusema: ninyi mna mbingu yenu na sisi tuna yetu. Mfalme yupo ndani ya mshororo, ndiyo, ila yupo kama bendera inavyokuwa juu ya mlingoti.

Baada ya ushindi dhidi ya Wamongolia mwaka 1285, jemadari Trần Quang Khải alitunga mishororo minne mifupi akiwarudisha wafalme mji mkuu: tulinyang'anya mikuki Chương Dương, tulikamata maadui Hàm Tử, sasa ni amani, tujitahidi, nchi hii idumu. Ni wimbo mzuri wa ushindi, nami siutaki zaidi ya hapo. Phạm Ngũ Lão, jemadari mwingine wa zama hizo, ananivutia zaidi. Katika shairi lake amesimama ameushika mkuki wake kwa mapana, amelinda milima na mito kwa miaka, na bado anajiona ana deni. Anaona haya anaposikia watu wakimsimulia "Vũ hầu". Na Vũ hầu ni nani? Ni Zhuge Liang, waziri wa dola ya Shu, Mchina wa karne ya 3. Watunzi hawa waliandika kwa Kichina cha kale na wakachota mashujaa wao kutoka vitabu vya China. Wanaopinga hapa hushangilia: uzalendo gani huu unaoazima hata mashujaa? Nadhani wanakosea. Kisima ukikirithi kwa jirani, maji utakayochota bado utayapikia nyumbani kwako.

Hoja ngumu kweli kwangu ni nyingine. Trần Quốc Tuấn, amiri wa vita hivyohivyo vya Wamongolia, aliandika waraka kwa makamanda wake. Anawakumbusha: asiye na nguo nilimvika, asiye na chakula nilimlisha, mwenye cheo kidogo nilimpandisha. Anawasuta kwa kupenda kupiganisha majogoo na kucheza kamari, kwa maana kucha za jogoo hazitoboi deraya ya adui. Kisha anawaambia kwamba tukishindwa, si mali yangu tu itakayopotea, na mishahara yenu itachukuliwa. Huo ni waraka wa bwana kwa watu wake. Mkulima hamo.

Miaka zaidi ya 140 baadaye, mwanzoni mwa 1428, Ming wamefukuzwa, na Nguyễn Trãi anaandika "Bình Ngô đại cáo", tangazo kuu la ushindi, kwa niaba ya Lê Lợi, aliyeongoza vita hivyo. Si shairi hasa, ni nathari yenye mapigo na ulinganifu, lakini inasomeka kama utenzi. Inaanza na watu: utu na haki kiini chake ni kuwapa wananchi utulivu. Inamwonyesha mtu aliyefungwa kamba kiunoni na kushushwa baharini atafute lulu, huku papa wakimngoja. Na inaposimulia jeshi lilivyoanza, inasema fimbo iliinuliwa ikawa bendera, nao makabwela na watumwa wa mashambani wakakusanyika kutoka pande nne. Kwenye waraka wa Trần Quốc Tuấn watu hawa hawakuwa na mahali. Aliyewaandika alifaulu mtihani wa serikali mwaka 1400 chini ya ukoo wa Hồ, ulioupindua ukoo wa Trần, kisha akamfuata Lê Lợi, mwenye shamba wa Lam Sơn asiye na damu ya kifalme. Koo zimebadilika, kilichobaki ni nchi. Ndiyo maana sikubali kwamba yote ni utii kwa ukoo.

Lakini pia sikubali kuwafanya watakatifu. Mwaka 1069, kabla ya Như Nguyệt, Lý Thường Kiệt alikuwa kwenye msafara uliomteka mfalme wa Champa, dola ya Wacham upande wa kusini, na Champa ikapoteza majimbo matatu. Mwaka 1471 Lê Thánh Tông, mfalme mshairi, aliuteka mji wa Vijaya, nao ulikuwa moyo wa Champa. Mipaka iliyoandikwa mbinguni ilisogezwa kusini kwa upanga, juu ya makaburi ya watu waliokuwa na milima na mito yao. Anayesoma mashairi haya bila kuwakumbuka Wacham anasoma nusu.

Nguyễn Trãi mwenyewe aliuawa mwaka 1442, yeye na jamaa yake vizazi vitatu, kwa tuhuma ya kifo cha mfalme. Lê Thánh Tông huyohuyo ndiye aliyemsafisha jina mwaka 1464. Nguyễn Trãi ameacha pia mashairi 254 kwa lugha ya nyumbani, yaliyoandikwa kwa Nôm, hati ya kuandikia Kivietnam. Katika mojawapo ameacha mambo ya vyeo. Anatoa magugu kwenye kidimbwi chenye maji machache apande mboga, anafyeka majani aoteshe yungiyungi. Ghala lake limejaa upepo na mwezi hadi juu ya paa. Halafu, kwenye mishororo miwili ya mwisho, anarudi kwa bwana wake na wazazi wake: moyo wangu mmoja wa utii, ukiunoa haupungui, ukiutia rangi hauwi mweusi.