Gonga Mara Mbili

Fomu ya jeshi iliuliza ujuzi wangu wa awali. Nikaandika: "Uchukuzi wa abiria, miaka 2." Sikudanganya. Miaka 2 nilikuwa konda wa daladala Mbagala–Kariakoo, naning'inia mlangoni, noti nimezikunja katikati ya vidole, napiga kelele kwamba siti zipo wakati hata mguu wangu wa pili ulikuwa hauna pa kukanyaga. Aliyeisoma fomu alifika kwenye neno "uchukuzi" akaridhika. Wenzangu niliotoka nao mafunzoni wakatupwa kwenye kombania za bunduki na mabegi mazito. Mimi nikapelekwa idara ya uchukuzi, ambayo kikosini hakuna aliyeiita hivyo. Wote tuliita MT.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia karani: kuandika hati za safari, kujaza daftari la kila gari, kilomita ngapi, lita ngapi, nani kaendesha, nani kasaini. Na lori likitoka, nikae nyuma niangalie watu na mizigo. Balaa lilianzia huko nyuma. Mkono wa konda una akili zake. Ukiona abiria kapanda na mlango umefungwa, unagonga bodi mara mbili kabla mwenyewe hujaamua lolote. Paa-paa! "Twende, suka!" Koplo aliyekuwa dereva wetu siku ya kwanza alishtuka, ya pili akacheka, ya tatu mguu wake ukawa umeshazoea. Akisikia paa-paa, klachi inaachiwa.

Januari haijaisha nikamwacha mpishi.

Tulikuwa tunapeleka platuni moja kwenye uwanja wa shabaha. Njiani tukasimama watu wachimbe dawa. Sajenti wa jikoni, mtu wa makamo asiyejua haraka ni kitu gani, akashuka na sufuria yake ya wali kwa sababu hakuwaamini vijana kubaki nayo. Nikahesabu vichwa kwa mtindo wa Mbagala, yaani sikuhesabu. Paa-paa. Saa nane mchana, tumeshalenga shabaha mpaka njaa inatuonyesha shabaha mbili mbili, akatokea juu ya bodaboda amekumbatia sufuria kama mtoto mgonjwa, vumbi mpaka kwenye kope. Hakunigombeza. Alinipakulia kama wengine, akasema taratibu, "Kula, mwanangu. Ila nimekuona."

Masika ikatumaliza. Lori linakwama, la pili linakwenda kulivuta linakwama, kisha linakuja trekta la kijijini kuyatoa yote mawili, na mwenye trekta anauliza asaini wapi alipwe. Katika kuvutana huko ndipo Mwali alipokatika waya wa stopa.

Mwali lilikuwa lori letu kuukuu kuliko yote. Tulimpa jina hilo kwa kuwa alikuwa hatoki ndani. Jeshi letu lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na ukimtazama Mwali usoni ungeapa kwamba siku hiyo alikuwepo, tena tayari mtu mzima. Baada ya matope ya Aprili akarudishwa bandani, akakaa humo kama mwali kweli.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tulipobeba bendi, koplo aliniamuru nikalie mikono yangu. Nikaikalia kwenda na kurudi. Hakuna tarumbeta lililopotea.

Basi, Novemba ukaja ukaguzi.

Kwenye daftari tulikuwa na malori makubwa 4, yote mazima, kwa mwandiko wangu mzuri. Bandani tulikuwa na malori 4 na betri nzima 2. Na hayo malori ni ya volti 24, maana yake kila moja linataka betri 2 za volti 12 zilizofuatanishwa. Piga hesabu mwenyewe. Afisa wetu alipiga, akakaa chini.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuzamisha, ni sajenti fundi tuliyemwita Mzee Spana. Alisema injini ya dizeli ya zamani haina haja na umeme ikishawaka. Haina plagi. Dizeli inajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na pampu inazungushwa na injini hiyohiyo. Betri ni ya kupigia stata tu. Kwa hiyo tuwashe la kwanza, tuchomoe betri, tuwashe la pili, tuchomoe, hivyohivyo mpaka mwisho, mkaguzi akute yote 4 yananguruma. Mtu akauliza, je, ukichomoa betri injini ikiwa inazunguka, si unaunguza oltaneta, ile inayochaji betri? Mzee Spana akajibu kwamba oltaneta zetu ziliungua zamani, asiwe na wasiwasi.

Mimi nikapewa toroli na turubai la kufunikia betri. Asubuhi ile nilisukuma toroli kama muuza madafu, na kufika saa tatu malori yote yalikuwa yananguruma, Mwali wa mwisho kwenye mstari, anatoa moshi mweusi kwa fahari.

Tatizo la Mwali halikuwa kuwaka. Lilikuwa kuzimika. Dizeli ya namna ile huizimi kwa ufunguo, unavuta stopa inayokata mafuta kwenye pampu, na waya wa stopa ndio ule uliokatika Aprili. Mzee Spana alikuwa amefunga kamba ya nailoni kwenye pampu. Ukitaka kumzima, unafungua boneti, unavuta kamba.

Mkaguzi, luteni kanali mfupi kutoka makao makuu, alipita malori matatu bila neno. Kwa Mwali akasimama. Akainamisha sikio. Halafu akachutama, akafungua kava la kisanduku cha betri.

Ndani mlikuwa na vipande 3 vya mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, na kachumbari kwenye mfuko. Ni yangu. Ndiyo sehemu pekee ya Mwali iliyokuwa haivuji mafuta.

"Hizi ni volti ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akazunguka, akapanda siti ya mbele, akafunga mlango, akamwambia koplo, "Zima."

Koplo akazungusha ufunguo. Mwali akaendelea kunguruma. Koplo akauchomoa kabisa, akamkabidhi mkubwa kwa mikono miwili. Mkubwa akautazama ufunguo, akautazama usukani unavyotetemeka, akautia ufunguo mfukoni. Koplo alibaki na njia moja: kutia gia ya kwanza, kukanyaga breki, aachie klachi injini ife kwa nguvu. Akatia gia, miguu yote miwili chini.

Mimi nje niliona kitu kimoja tu. Abiria kapanda. Mlango umefungwa.

Paa-paa!

Klachi ikaachiwa, na mguu wa breki ukaondoka pamoja nayo kwa mazoea ya miezi 10. Mwali akatoka ndani. Akapita mbele ya mkuu wa kikosi, akapita lango la walinzi, na walinzi kuona luteni kanali amekaa siti ya mbele wakapiga saluti safi kabisa. Breki zake ni za upepo, na upepo wenyewe ulikuwa umeshavuja wote tangu tunasubiri. Akakata kushoto, akafyeka matuta mawili ya mchicha wa jikoni, akapanda lundo la kuni, akakohoa, akafa.

Tulifika mbio. Mkaguzi alishuka taratibu, ufunguo mkononi, jani la mchicha kwenye kofia.

"Nani kagonga?"

"Mimi, afande."

"Ulikuwa konda?"

"Mbagala–Kariakoo, afande."

"Kutoka pale mpaka hapa nauli shilingi ngapi?"

Naapa sikuwa nimeuruhusu mdomo. "Askari bure, afande."

Uso wake haukutikisika. Mabega yalitikisika. Kwenye daftari la Mwali, chini ya mwandiko wangu mzuri, aliandika maneno mawili: "Linatembea. Halisimami."

Betri mpya zilikuja kabla ya Desemba. Mimi nilipewa siku 7 za jikoni, kupanda upya mchicha na kumenya viazi chini ya sajenti yuleyule wa sufuria. Siku zote 7 hakuniamrisha kwa mdomo hata mara moja. Akitaka niinuke, alichukua mwiko, akagonga sufuria mara mbili.