Platini: dawa au sumu?

Barazani kwetu Chake Chake ubishi huu hauishi: ile dripu ya saratani wanayoifuata wagonjwa wetu Dar es Salaam ni dawa au sumu? Nasomesha kemia, basi kahawa ikimiminwa tu, "Haya mwalimu, sema."

Anayesema sumu hakosei. Sisiplatini, dawa iliyomo kwenye dripu hiyo, ni atomu moja ya metali ya platini iliyoshikwa na amonia mbili na kloridi mbili. Michele Peyrone aliitengeneza mwaka 1845, na kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyeifikiria kuwa dawa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi bakteria waliopitishiwa umeme kwa vijiti vya platini walivyorefuka kama nyuzi, wakashindwa kugawanyika. Kilichowazuia si umeme, ni platini iliyoyeyuka.

Damu ina chumvi nyingi, kwa hiyo kloridi zinabaki mahali pake. Ndani ya seli chumvi ni haba. Maji yanazing'oa, na platini inabaki na mikono miwili wazi. Inapenda kushika guanini, moja ya herufi nne za DNA, ule uzi wa urithi ndani ya seli, kwenye naitrojeni yake namba 7. Kwa nini hapo? Guanini inaposhikana na sitosini, herufi mwenzake upande wa pili wa uzi, naitrojeni hiyo haimo kwenye mshikamano wao. Imeelekea nje, kwenye mfereji mpana wa DNA. Platini ikikuta guanini mbili jirani huzifunga pamoja, uzi ukapinda, na seli ikitaka kujigawa inakwama. Ukiziweka hizo kloridi pande mbili zinazotazamana badala ya kukaa jirani, atomu ni zile zile, lakini haiwezi tena kuzifunga guanini mbili jirani kwa namna hiyo, wala si dawa. Hapa huwa nachora kwa kidole kwenye vumbi la baraza, na wazee wananicheka.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1978, na saratani ya korodani, hata iliyosambaa, sasa wengi wanapona. Ila guanini ya figo ni ile ile ya uvimbe, na platini haibagui. Ndiyo maana figo huumia, masikio huvuma, na kichefuchefu hakina mfano. Wapo wanaotumaini rutheni, metali nyingine, ambayo nayo hushika guanini. Baadhi ya michanganyiko yake imefika kwenye majaribio kwa binadamu, lakini nafasi ya platini haijaichukua.

Mimi naona anayetaka platini isiyodhuru kabisa anataka platini isiyoshika guanini, na hiyo haitatibu kitu. Lawama yangu ni kwa anayemtundikia mgonjwa dripu bila kumwambia kwa nini anajazwa maji mengi: ni kuzikinga figo.

Juzi jirani yangu, mvuna chumvi, akauliza kwa nini dawa yenyewe huchanganywa na maji ya chumvi. Nikamwambia: ikitiwa kwenye maji matupu, kloridi zitaanza kung'oka humo humo mfukoni, kabla haijamfika mgonjwa. Akacheka, "Kumbe chumvi yetu ina kazi!"