10 Oktoba: tarehe moja, majina manne

Kuna sikukuu Kenya yenye majina mengi kuliko tapeli wa River Road. Tarehe 10 Oktoba ilianza kama Moi Dei, kwa heshima ya Rais Daniel arap Moi, ikatangazwa kuwa Huduma Dei, ikageuka Utamaduni Dei, na tangu 2024 inaitwa Mazingira Dei. Tarehe yenyewe haijasogea hata kidogo. Kinachohama ni sababu ya sisi kutoenda kazini.

Wako wanaokereka, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ukimwondoa Moi kwenye kalenda, unaondoa pia maswali ambayo mtoto angeuliza mezani: huyu alikuwa nani, na alikaaje madarakani miaka 24? Maswali hayo yana anwani hapa Nairobi. Ni Nyayo House, ambapo leo watu hupiga foleni ya pasipoti juu ya vyumba vya chini walimoteswa wapinzani wa serikali yake. Jina baya kwenye kalenda, wanasema, angalau hukumbusha. Jina kama Huduma halimkumbushi mtu lolote, labda foleni nyingine tu.

Wa upande wa pili hujibu kwamba taifa halidaiwi siku ya mapumziko na kila aliyewahi kulitawala. Katiba ya 2010 ilikubaliana nao: ilitaja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, basi. Watu wakarudi kazini tarehe 10 Oktoba, mwaka baada ya mwaka, hadi Novemba 2017 Mahakama Kuu ilipogundua kwamba hakuna aliyeigusa Sheria ya Sikukuu za Umma. Moi Dei ilikuwa hai muda wote huo. Kisheria, nchi nzima ilikuwa imefanya kazi siku za mapumziko kwa miaka kadhaa, na sijasikia aliyelipwa ovataimu.

Mimi siamini kwamba kila kubadilisha jina ni kufuta historia. Tazama 20 Oktoba. Siku hiyo mwaka 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo msako ukaanza. Yaani kila mwaka tunapiga gwaride na kuimba kwa heshima ya usiku ambao polisi wa mkoloni waligonga milango, tarehe ambayo Baring mwenyewe angeweza kuisherehekea bila kubadilisha chochote ila nyimbo. Kwa miongo mingi iliitwa Kenyatta Dei, kana kwamba Kaggia, Kubai, Oneko, Ngei na Karumba walioshtakiwa pamoja na Kenyatta walifika mahakamani Kapenguria kumsindikiza mzee tu. Kuiita Mashujaa Dei kuliwafungulia hao mlango, pamoja na wapiganaji wengi wa Mau Mau waliokuwa msituni, na tukio lenyewe likabaki palepale. Hapo jina jipya lilisema ukweli zaidi kuliko la zamani.

10 Oktoba haina bahati hiyo. Utetezi bora wa Mazingira Dei ni wa hali ya hewa: mvua za vuli huanza karibu na wakati huo, na mche uliopandwa Oktoba una nafuu kuliko uliopandwa Januari mbele ya kamera. Hoja hiyo naikubali kabisa. Lakini waliochagua jina hilo walituachia kichekesho ambacho sidhani walikikusudia. Mwaka 1989 ni serikali ya Moi iliyotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ni Profesa Wangari Maathai aliyeandika barua, akatukanwa bungeni, akakataa kunyamaza hadi mradi ukakwama. Leo siku ya Moi ni siku ya miti. Kisasi gani kitamu kuliko hicho? Tatizo ni kwamba usipomtaja Moi, kichekesho kinapotea, na mama huyo anabaki picha ya mtu mwema aliyependa miche.

Wanaodhani tarehe ni kitu kitakatifu wakumbuke pia kwamba 10 Oktoba iliwahi kufutwa yenyewe. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda, na watu wa Uhispania na Ureno wakalala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Hakuna aliyezaliwa Lisbon tarehe 10 mwaka huo.

Wala tarehe haibebi maana moja popote iendapo. Tarehe 7 Julai nchini Tanzania ni Sabasaba, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954, na sasa Dar es Salaam huwa na maonyesho ya biashara. Nairobi siku hiyohiyo ni Saba Saba ya 1990: mkutano wa kudai vyama vingi uwanjani Kamukunji uliopigwa marufuku, waandalizi wake Matiba na Rubia wakiwa tayari kizuizini, na vitoa machozi. Ndugu zetu wanakwenda kuangalia matrekta, sisi tunaangalia kama barabara ya kuingia mjini imefungwa. Saba Saba ya kwetu haimo kwenye orodha ya serikali, na bado haijasahaulika. Hilo linawadhoofisha wanaolilia Moi Dei kuliko hoja yoyote ya wapinzani wao.

Kama ni mimi wa kupanga, ningeanza na 27 Agosti, siku ambayo katiba mpya ilitiwa saini Uhuru Park mwaka 2010. Rais Ruto aliitangaza Katiba Dei mwaka 2025, lakini kazini tunakwenda kama kawaida. Kwa hiyo tunayo tarehe yenye tukio isiyo na mapumziko, na nyingine yenye mapumziko inayotafutiwa tukio. Zibadilishane tu. Watu wa miti watalalamika kwamba Agosti ni kavu, na watakuwa wamesema kweli.

Mwaka 2026 ugomvi huu utapoa wenyewe. 10 Oktoba ni Jumamosi, na sheria hutufidia Jumatatu pale tu sikukuu inapoangukia Jumapili. Jamhuri Dei nayo, 12 Desemba, ambayo kila mwaka huangukia siku ileile ya wiki na 10 Oktoba, ni Jumamosi vilevile.