Kikoi, Koi na Kiboko

Nilipompigia mama simu Tanga nikamwambia nataka koi, alinijibu papo hapo: "Mwanangu, si una vikoi sita? Unavitafuna?"

Nikamweleza taratibu. Koi, mama, ni samaki wa Kijapani. Wakulima wa mpunga wa kule Niigata waliwachagua kizazi baada ya kizazi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, mpaka samaki wa kijivu wa kitoweo akatoka na madoa mekundu na meupe, akawa pambo.

"Wanapikwaje?"

"Hawapikwi, mama. Wanatazamwa."

Simu ikanyamaza hata nikadhani salio limekwisha. Kisha nikamsikia akimwambia shangazi, "Mtoto ameshalishwa kitu huko Uganda."

Tunaishi Entebbe, upande wa Nakiwogo. Mke wangu ni Mganda wa Masaka, na majirani wananiita Mswahili tu, kana kwamba niko peke yangu duniani. Kiwanja tulikipata kiangazi, kwa bei ya kuchekesha. Sikujiuliza nani anachekwa. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande, alinionyesha alama kwenye ukuta wake, usawa wa goti. "Mwaka wa 2020 maji iliingia mpaka hapa, Mswahili." Ndio mwaka ule ambao Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Nikampa pole, nikaenda kununua sululu.

Bwawa nililichora mwenyewe nyuma ya kalenda: mita 4 kwa 3, kina mita moja na nusu. Kina hicho si maringo. Koi akikua vizuri hupita sentimita 60, na bwawa la kina cha beseni huchemka jua likiwaka, tena humweka samaki mezani kwa kila ndege apitaye. Jumla lita 18,000. Mke wangu alipoisikia hiyo hesabu alitazama kibomba chetu cha jikoni, ambacho siku nyingine hukohoa tu, halafu akanitazama mimi.

Kuchimba nilimpa kijana mmoja Mkongomani wa Bunia, mtu wa kazi, hana maneno mengi. Alipofika kina cha mita moja na robo, akanyoosha mgongo. "Patron, huku chini maji inatokaka."

Nikachungulia. Udongo ulikuwa unang'aa kidogo. Nikamwambia huo ni unyevu.

"Unyevu inatembeaka, Patron?"

Nikamlipa.

Turubai jeusi la bwawa nililifuata Kampala, nikanunua mita 4 kwa 3. Mke wangu akaniuliza kwa upole kuta zitavaa nini. Kumbe unachukua urefu, unaongeza kina mara mbili, na kipande cha kukunjia ukingoni. Vivyo hivyo na upana. Nikarudi Kampala kuchukua la mita 7.6 kwa 6.6. Lile la kwanza mpaka leo linafunika kuni. Yeye yote mawili anayaita kaveera, jina lilelile wanaloita mfuko wa nailoni wa sokoni, na kila akilitamka najihisi nimechimba shimo nikaweka mfuko wa sukari.

Chujio nililitengeneza kwa pipa, kokoto na vipande vya nyavu kuukuu. Hapo ndipo ndoa ilipojaribiwa. Chujio la koi halisafishi kwa kokoto, linasafisha kwa bakteria. Samaki wanatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza nitreti, na hiyo haina ubaya mkubwa. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kukaa sawa, na muda wote huo pampu haizimwi. Kwa hiyo kwa wiki sita nilifuga vidudu visivyoonekana kwa umeme wa kuonekana kabisa. Mgeni akija, Salma, binti yetu wa miaka tisa, alikuwa anamwonyesha pipa na kumwambia, "Baba ana wadudu wake mle."

Koi walipokuja walikuwa saba, kila mmoja urefu wa kiganja. Salma ndiye aliyewapa majina. Mweupe mwenye madoa mekundu akawa Simba. Wa manjano mtupu akawa Yanga. Wengine watano waliitwa kwa majina ya walimu wake, nami sitayataja hapa.

Miezi miwili ya raha. Jioni natoka kazini, nabadili suruali, najifunga kikoi, nakaa ukingoni na kahawa yangu, Simba na Yanga wanakuja kula mkononi. Afande alikuwa anakuja kusimama uani, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. Swali lake lilikuwa moja kila siku: "Sasa hii unakula lini?"

Aprili ikaja, maji yakawa ya kijani kama supu ya kisamvu. Jua na kinyesi cha samaki havihitaji kitu kingine kuotesha mwani. Siku ya Ijumaa, nikiwa na akili zangu zote, nikaamua kupunguza maji nusu. Pampu ikafanya kazi tangu asubuhi, bwawa likabaki na sentimita 75 hivi. Kurudisha ndio ilikuwa shughuli, maana maji ya bomba yana klorini, na klorini inaunguza mashavu ya samaki. Inabidi uyalaze pipani kwanza, klorini itoke. Nilikuwa na mapipa mawili ya lita 200. Pigeni hesabu wenyewe, lita 9,000 kwa mapipa mawili kila siku. Mimi nilipiga saa moja jioni, mapipa yakiwa yameshajaa, nikapata siku ishirini na mbili na nusu.

Nikatazama angani. Kulikuwa na wingu zito upande wa ziwani. Nikamwambia mke wangu, "Mvua itajaza." Nikaomba dua na kulala.

Dua ilijibiwa. Mvua ya Entebbe ikiamua, haidondoki, inamwagwa. Nililala fofofo, moyo mweupe, nikiwaza bwawa linavyojaa bure.

Kabla ya alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa askari wa lindo wa kwa Afande, anatetemeka, na si kwa baridi. "Mzee. Kuna kiboko ndani ya bwawa yako."

Entebbe si mahali pa kumcheka mtu akisema hivyo. Viboko wapo ziwani, na usiku hutoka kula majani. Nikatoka na kikoi changu na tochi ya simu, nikamulika kutoka barazani.

Jamani. Katikati ya bwawa palikuwa na mgongo. Mweusi, wa mviringo, unang'aa kwa maji, mpana kuliko meza ya watu wanane. Ulikuwa unapumua: unapanda kidogo, unashuka kidogo, na pembeni unatoa sauti, *buup*.

Afande alitokea uani na gambuti, koti la mvua na kiboko mkononi. Naam, kiboko cha kuchapia. Alikuwa amekuja kupambana na kiboko kwa kiboko. Lakini nidhamu alikuwa nayo. "Hapana mtu kusogea! Mimi nimekaa Kazinga miaka mbili, hii nyama naijua. Inaua mtu ikikuta uko kati yake na maji!"

Tukageuka kutafuta maji yako upande gani tusikae kati. Kiboko mwenyewe alikuwa ndani ya maji. Ziwa liko nyuma yetu. Uani kwenyewe maji yalikuwa ya kifundoni. Hakuna upande uliokuwa salama, na mimi, baba wa familia, nikajikuta juu ya mpera. Askari alikuwa ameshanitangulia tawi la juu.

Kukicha, watu walikuwa wamejaa ukutani. "Mvubu! Mvubu!" watoto wanapiga kelele, ndio kiboko kwa Kiganda. Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, akafika kusema watu watulie, akapanda ukutani naye. Kaloli wawili, wale korongo wakubwa wenye kipara, walikuwa wametua kwenye paa la banda, wanatazama bwawa kwa utulivu wa watu walioalikwa.

Ndipo mke wangu akatoka na ndala zake na fimbo ya kuangulia maembe. Afande akamwamuru arudi. Hakurudi. Akaenda mpaka ukingoni, akamchoma kiboko ubavuni. Kiboko kikatikisika chote, *bwi-bwi-bwi*, kama jeli.

"Baba Salma," akasema bila kupaza sauti, "shuka. Kaveera kako kameumuka."

Maji yalikuwa yamejaa kweli, ila chini ya turubai. Ardhi ilishiba mvua usiku ule, maji ya chini yakapanda kupita usawa wa maji yangu ya sentimita 75, na yule mwenye nguvu akamnyanyua mnyonge. Lile bwawa likiwa limejaa, uzito wake ungelikandamiza turubai mahali pake. Nililitoa uzito mwenyewe, kwa pampu, na umeme nikalipia.

Lakini hapakuwa na nafasi ya elimu. Koi wangu walikuwa wamesukumwa pembeni, wanagaagaa kwenye mikunjo ya plastiki, na kaloli mmoja alikuwa ameshashuka. Hakuna wavu. Hakuna karai karibu. Nikafanya ambacho mtu wa Tanga angefanya: nikavua kikoi, nikakitandaza, nikaanza kuwazoa. Mtaa wote ukaona bukta yangu. Ilikuwa ya zamani, na mpira wake ulikuwa umechoka.

Simba tulimwokoa, na walimu wote watano. Yanga aliruka mwenyewe kutoka kwenye kikoi, akatua miguuni pa kaloli. Afande, ambaye ni mpenzi wa Simba tangu alipokuwa mafunzoni Tanzania, alisimama mkakamavu akapiga saluti.

Sita wale tuliwatia kwenye tangi la maji ya mvua, na kwa siku kumi na moja sisi tulioga kwa yale mapipa mawili ya maji ya kulazwa. Mkongomani wa Bunia alirudi, akachimba mtaro wa kokoto pembeni ya bwawa na shimo la pampu la kukusanya maji ya chini, akapandisha na kuta za matofali ili maji yangu yasimame juu ya usawa wa uwanja. Hakusema neno. Wakati wa malipo ndipo alipouliza, "Patron, unyevu ilitembea?"

Bodaboda wa stendi hawahitaji tena maelekezo. Unawaambia kwa Mvubu, wanakuleta mlangoni.

Jumapili mama akapiga. "Samaki wako wa kutazama wazima?"

"Wazima, mama. Wamebaki sita."

"Na vikoi?"

"Vitano."