The King's Man: kisa cha kweli kilitosha

Mwongozaji Matthew Vaughn alikuwa na bajeti ya karibu dola milioni 100 kusimulia chimbuko la Kingsman, kundi la majasusi wa Uingereza la filamu zake za awali, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Filamu ikaahirishwa mara kadhaa, ikatoka Desemba 2021, na mapato yakaishia kama milioni 126. Ukitoa fungu la wenye majumba ya sinema na gharama za matangazo, hiyo ni hasara.

Wanaoitetea husema hii ni burudani, si somo la historia. Nakubali, na yapo mazuri. Tom Hollander anaigiza watawala watatu, George wa Tano wa Uingereza, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani na Tsar Nicholas wa Urusi, nasi tunaona kwa macho kwamba waliokuwa wakigombana ni binamu. Halafu kuna Conrad, mwana wa Duke wa Oxford (Ralph Fiennes). Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi hafi. Kijana huyu tuliyemdhania ndiye steringi anapigana kwa visu usiku katikati ya mahandaki, kimya kimya, kwa kuwa risasi moja ingeamsha pande zote mbili. Anatoka hai, kisha anauawa na askari wa jeshi lake mwenyewe aliyedhani ni jasusi. Iliniuma sana.

Msiba huo haupewi muda wa kuzama. Tunarudishwa kwa adui mkuu, Mskoti mwenye kinyongo na Uingereza, anayewatuma kama vibaraka Princip aliyemuua mrithi wa kiti cha Austria, Rasputin wa ikulu ya Tsar, Lenin wa mapinduzi ya Urusi na Mata Hari, mcheza dansi aliyeshtakiwa kwa ujasusi. Hapo ndipo ninapogoma. Vita vikiwa kazi ya mtu mmoja, wale binamu na serikali zao wanatoka wasafi.

Tena kisa cha kweli kilikuwepo. Mwaka 1917 Ujerumani, kwa telegramu ya siri, iliiahidi Mexico kuisaidia kurudisha Texas, New Mexico na Arizona iwapo ingeungana nayo kuipiga Marekani. Wafumbuzi wa maandishi ya siri wa Room 40, kitengo cha jeshi la majini la Uingereza huko London, waliinasa telegramu hiyo kwenye njia ya mawasiliano ya Marekani yenyewe. Wangeionyeshaje Washington bila kukiri kwamba wanamdukua rafiki? Wakatafuta nakala nyingine huko Mexico, ionekane imevuja kutokea kule. Filamu inaigusa telegramu, kisha inamkwamisha Rais Wilson wa Marekani kwa picha za aibu alizopigwa akiwa na Mata Hari. Mwigizaji kama Ralph Fiennes angeweza kuubeba mtihani ule wa London akiwa amekaa tu mezani, karatasi moja mbele yake.