Madalali wa fleti, semeni ukweli

Wallahi madalali wa nyumba hapa mjini Unguja wamenichosha. Fleti unaoneshwa saa nne asubuhi, mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, ukuta umepakwa rangi juzi. Ukiuliza maji, unajibiwa: "Yapo, mfereji ule pale chini." Hakuna anayekwambia kwamba yanatoka usiku wa manane, na ghorofa ya tatu hayapandi kabisa. Umeme nao, mita moja na jirani.

Nilishalipa kodi ya miezi sita mbele, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali. Aprili masika yakaingia. Maji ya njiani yakafika magotini, makaro yakafurika, wanangu wakakosa skuli siku tatu. Jirani akaniambia, "Huku ndivyo kila mwaka." Kila mwaka! Na dalali kazaliwa mtaa huo huo.

Siku hizi nakwenda mwenyewe baada ya Isha. Nakaa barazani na wazee, natazama alama za maji kwenye kuta, namuuliza mwenye duka, hata kwa sheha, kiongozi wa mtaa, napita. Lakini kwa nini nimlipe mtu pesa yote ile, halafu nyumba niichunguze mimi?